Joto Ambalo Idara Hailitambui

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Grafu alitundika mkoba wake nyuma ya mlango, akapangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa blauzi, akawasha modeli ya hali ya hewa kuanzia mwaka wa kwanza wa kumbukumbu. Kisha akavaa sweta. Mchora ramani, aliyekaa meza ya dirishani, naye akavaa lake. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya baridi, na chumba chao kilichukua hali ya hewa ya mwaka wowote uliokuwa ukikokotolewa.

Jambo hilo lilikuwa na miezi mitatu sasa na watu walishalizoea. Kumbukumbu za Idara ya Hali ya Hewa zilikuwa za miaka mia na kumi na mbili, na kila mwaka ulichukua dakika nne hivi, kwa hiyo siku ya kazi ilianza kwa sweta na kuishia kwa mikono ya shati iliyokunjwa. Mfagiaji aliomba tu aambiwe mapema ukame wa muongo wa tano utapita saa ngapi, maana ndiyo saa nzuri ya kupiga deki. Afisa utumishi aliandika barua kuuliza kama chumba kinahitaji feni. Alijibiwa kwamba inategemea mwaka.

Grafu alikuwa mtaalamu wa takwimu. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa hata zamu za kuosha vikombe alizichorea mstari unaopanda na kushuka. Kazi yake ilikuwa kutenganisha mambo matatu yanayochanganyika kwenye joto la uso wa dunia: lile linalopanda polepole bila kurudi nyuma, yale mawimbi yanayokuja na kuondoka kila baada ya miongo kadhaa, na makosa ya watu. Mawili ya kwanza alikuwa ameyaweza. La tatu lilimuumiza kichwa, kwa sababu lilikaa ndani ya miaka tisa, na miaka hiyo tisa ilikuwa ya baba yake.

Modeli ilipofika mwaka wa sabini na nne wa kumbukumbu, chumba kiliacha kuwa na hali ya hewa. Halikuwepo joto wala baridi; ilikuwepo ofisi tu. Vijiko viligonga vikombe, na sauti za wanaume watatu zikasikika zikishauriana bila haraka.

"Alhamisi ijayo tuandike ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Si ndiyo tuliyoandika Jumatano?"

"Basi ongeza nukta mbili. Isije ikaonekana tunanakiliana."

Hao walikuwa wasoma vipimo wa vituo vitatu vya jirani. Kila Jumamosi walikutana, wakajaza rejista za wiki inayofuata, wakamaliza kazi ya siku saba kwa birika moja la chai. Mchora ramani aliwazoea kiasi kwamba wakianza kuongea alienda kujimiminia chai na yeye. Mmoja wao alikuja kupanda cheo, na ukumbi wa mikutano ukapewa jina lake.

Kituo cha nne kilikuwa cha baba yake Grafu. Yeye alitoka nje kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, akafungua kile kisanduku cheupe chenye matundu, akasoma kipimajoto, akaandika alichokiona. Wimbi la joto lililokuja miaka ile lilimkuta amesimama juani, na namba zake zikapanda nalo. Lakini Idara ilikuwa na kanuni: vituo vitatu vikikubaliana na kimoja kikapinga, kile kimoja ndicho kinachorekebishwa. Namba zake zikashushwa na kuwekewa kinyota. Chini ya ukurasa, maelezo ya kinyota yalisema: "Msomaji alikuwa amefiwa."

Alikuwa amefiwa kweli. Mke wake alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Madirisha ya chumba cha pasi yalifungwa mwaka mzima ili vumbi lisiingie, isipokuwa siku ambayo Idara ingetangaza nyuzi thelathini na nane au zaidi. Hapo pasi zingezimwa na madirisha kufunguliwa. Siku moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na saba, baba alisoma nyuzi arobaini na tatu nukta sita. Idara ilitangaza ishirini na tisa. Saa kumi jioni mama yake Grafu aliangukia shuka alilokuwa akilinyoosha, na hakuinuka tena. Grafu alikuwa na miaka sita. Cheti cha kifo kiliandika moyo. Baba alipopeleka daftari lake Idarani alipewa kiti, akapewa pole, akaambiwa mtu mwenye msiba huona joto pasipo na joto. Kwamba miaka mitatu kati ya ile tisa ilitangulia msiba, hakuna aliyejisumbua kuihesabu.

Sasa jedwali lote la namba hizo lilikuwa linafungwa. Ijumaa lingetumwa kwa kila anayepima joto la dunia, na baada ya hapo halingefunguliwa tena. Baba alikuwa na miaka sabini na minane na ombi moja tu, kwamba kinyota kiondoke kabla ya Ijumaa.

Jumatano Grafu aliingiza namba kutoka kwenye madaftari ya baba, jinsi zilivyo, akawasha modeli. Mwaka wa sabini na nne ulipofika wale wanaume watatu hawakuongea. Joto liliingia. Gundi ya bahasha ikajiyeyukia, fremu ya saa ya ukutani ikapinda kidogo upande wa namba nne, na mchora ramani akavua viatu. Mawimbi yote ya miaka mia na kumi na mbili yalikaa sawa, kwa mara ya kwanza. Grafu alilia kidogo, akajifuta, akaenda kumwita Mkurugenzi.

Mkurugenzi alisimama katikati ya chumba, akavua koti, akalegeza tai. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola.

"Ni kali," alikiri.

"Ndivyo ilivyokuwa, bosi. Baba hakukosea."

"Mimi sisemi alikosea. Lakini fomu ya uthibitisho nimeisoma yote, haina safu ya chumba. Ina safu ya vituo. Vitatu vinakubaliana, kimoja kinapinga. Ungekuwa wewe ungemwamini nani?"

"Aliyetoka nje."

Mkurugenzi alikunja koti lake vizuri mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusaini. "Jedwali limeshapitishwa, binti yangu. Mlete mzee kesho ajionee. Atafurahi."

Alhamisi baba alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, na daftari kwapani. Mkurugenzi alimwamkia shikamoo kwenye korido, akaitikiwa marahaba, akarudi ofisini kwake, mlango wa pili. Grafu alimweka baba kwenye kiti chake. Alishusha kasi ya modeli mpaka saa moja ya mwaka wa sabini na saba iwe saa moja ya leo, akaiweka kwenye siku ile, saa nane na nusu mchana.

Baba alikaa akipumua lile joto. Saa tisa kamili aliinuka, akaenda kwenye kipimajoto cha ukutani, akainama mpaka macho yakawa usawa wa zebaki.

"Arobaini na tatu nukta sita," alisema. Aliandika. Kisha akamgeukia mchora ramani. "Mwanangu, hiyo simu inapiga nje?"

"Inapiga, mzee."

Kiwanda cha kufulia kilikuwa kimevunjwa zamani, lakini baba alikumbuka namba yake. Iliita mara mbili. Mwanamume akajibu, na nyuma yake mvuke ulisikika ukifoka.

"Chumba cha pasi."

"Mimi ni msoma vipimo wa kituo cha nne. Hapa ni nyuzi arobaini na tatu nukta sita. Tafadhali fungueni madirisha, wapumzisheni hao kina mama."

"Ngoja kwanza, mzee. Utaratibu ni kuuliza Idara. Usikate."

Simu ikaita mlango wa pili. Grafu alitoka mbio. Mkurugenzi alikuwa na mkono mmoja kwenye kipokeo na mwingine kwenye jedwali lililopitishwa, na joto la korido lilikuwa limemfuata Grafu mpaka mezani.

"Bosi, hiyo ni ya siku ile. Wanauliza siku ile. Mama bado yupo."

Mkurugenzi alimtazama. Alielewa, uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Akainua kidole kuomba asubiriwe, akateremsha macho hadi kwenye mstari wenyewe, akasoma.

"Ishirini na tisa," alisema kwenye simu. "Ndiyo. Ni rasmi."

Grafu aliporudi, baba alikuwa bado ameshika kipokeo kwa mikono miwili.

"Mzee, Idara wanasema ishirini na tisa," sauti ilisema. "Madirisha yanabaki hivyo hivyo."

"Haya. Kwenye pasi ya tatu yuko nani leo?"

"Yuko mkeo, mbona. Anaendelea vizuri."

"Mwambie anywe maji."

"Nitamwambia."

Baba alirudisha simu mahali pake. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Alimwomba binti yake asiizime modeli mpaka saa kumi ipite, na Grafu akavuta kiti, akakaa naye, akamshika mkono uliolowa jasho. Mchora ramani alifunga mlango ili wasisumbuliwe.

Ijumaa saa sita mchana jedwali lilitumwa, likiwa na kinyota chake. Mwezi wa tatu wa mwaka wa sabini na saba ulikuwa wa kawaida.