Namba Iliyokuwa Chini ya Rangi

Mvushaji aliileta mashine ya boti karakanani kwa mkokoteni, akiwa ameifunga blanketi kama mgonjwa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei. Kwa miaka thelathini alivusha watu mtoni, na miaka tisa sasa hakuwa amevusha hata mmoja.

Fundi wa karakana ile alikuwa mwanamke. Wote walimwita Mama Plagi, kwa sababu ukimweleza ubovu wowote, hata wa jino, swali lake la kwanza lilikuwa, "Plagi umeitazama?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Muuguzi wa zahanati ya ng'ambo kanisumbua mpaka nimechoka. Boti yao haina mashine, wagonjwa wanakwama. Nimemwambia hii ikifufuka, waichukue."

"Imelala muda gani?"

"Tangu mama watoto afariki."

Mama Plagi hakuuliza zaidi. Habari yenyewe aliijua, kama walivyoijua wote. Mke wa mvushaji alishikwa na tumbo asubuhi moja, na mwanawe akampakia kwenye boti kumkimbiza hospitali. Katikati ya mto mashine ikakwama, ikagoma kabisa. Walipofika ng'ambo kwa makasia, mama alikuwa ameshakata roho. Fundi wa wakati ule alifungua silinda, akakuta pistoni zimechubuka kwa kukosa oili. Basi msibani, mbele ya watu, mvushaji alisimama akasema mwanawe amemuua mama yake kwa ubahili wa oili. Kijana alibeba begi siku ileile akahamia mji mwingine. Pistoni mpya zilifungwa, lakini mashine haikurudi majini.

"Ni ya farasi ishirini na tano," mzee alisema. "Imeandikwa hapo kwenye kifuniko."

"Kifuniko ni kofia tu, mzee wangu. Ngoja nimwone mwenye kichwa."

Kibati cha namba kwenye mkono wa kushikia boti kilikuwa kimeliwa na kutu, zimebaki herufi mbili. Mama Plagi hakubabaika. Ubavuni mwa silinda alijua pana kizibo kidogo cha chuma, cha duara, ambacho juu yake kiwanda hugonga namba ya aina ya mashine. Kilikuwa chini ya rangi, tabaka juu ya tabaka. Alikipaka dawa ya kuondolea rangi, akakisugua taratibu kwa msasa laini, akakifuta kwa kitambaa. Namba zikajitokeza moja moja. Aliziandika kwenye kipande cha boksi, akafungua kitabu chake cha aina za mashine, kilichojaa alama za vidole vyenye grisi.

Alisoma mara mbili, kisha akakunja uso.

"Mzee, hiki kifuniko si chake. Nguvu ni ileile, lakini mashine imekitangulia kifuniko kwa miaka minane."

"Ina tofauti gani?"

"Vipuri vingine haviingiliani. Na oili. Hapa kwenye kifuniko wameandika petroli lita hamsini kwa oili lita moja. Hiyo ni ya mashine mpya. Hii inataka petroli ishirini na nne tu kwa hiyo moja. Ukifuata kifuniko, unaipa oili nusu."

Mzee alikaa kwenye tairi lililokuwa karibu. Mama Plagi akamletea maji ya kunywa. Hakuyagusa.

"Kifuniko cha kwanza kilipasuka," alisema hatimaye. "Hiki nilikinunua mimi kwenye vyuma chakavu, nikakifunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nachanganya kwa jicho, namimina tu. Mgongo uliponilaza nikamwachia kijana wangu boti. Akaniuliza, baba, oili kiasi gani? Nikamwambia fuata kilichoandikwa."

"Mzee..."

"Kijana aliniapia. Msibani pale aliniapia kwamba alipima. Nikamwambia nyamaza."

Mama Plagi akarudi kwenye kazi. Alisafisha kabureta tundu kwa tundu, akasugua platini za kutoa cheche, akapima mwanya wake kwa kibati chembamba cha kupimia, akabadilisha plagi zote mbili. Kisha walitumbukiza propela ya mashine kwenye pipa la maji. Ilivutwa kamba mara sita ikikohoa tu. Mara ya saba ilishika, moshi ukatanda hadi barabarani. Fundi aliinama na bisibisi kwenye skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa: akaikaza mpaka mashine ikaanza kuchechemea, akailegeza mpaka ikanguruma kwa uzito kama iliyoshiba kupita kiasi, kisha akatafuta katikati. Pale katikati mlio ukanyooka. Mzee aliusikiliza huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Siku ya pili alimpigia mwanawe simu. Alieleza yote bila kujitetea. Sauti ya upande wa pili ikasema, "Nitakuja nione hiyo namba."

Alikuja Jumamosi, mwanamume mwenye mvi za kwanza. Alimwamkia baba yake bila kumtazama, akachuchumaa mbele ya mashine, akapitisha kidole juu ya kizibo kile, tarakimu kwa tarakimu.

Mchana ule, ilipofungwa kwenye boti ya zahanati, watu walikuwa wamejaa kivukoni. Mvushaji alisimama kwenye ngazi ya saruji akapaza sauti: "Mlinisikia msibani. Nilimsingizia mwanangu. Kosa lilikuwa langu, nami nilimtwisha yeye miaka tisa. Naomba na hili mlisikie."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga.  Mwana aliondoka na basi la saa kumi, na baba yake akabaki hajui kama amesamehewa.

Ilipita miezi miwili. Jioni moja simu ikaita.

"Baba, ile mashine bado inavuta vizuri?"

"Inavuta. Ila asubuhi kukiwa na baridi inasumbua kidogo kuwaka."

"Waambie wavute choki, wasiharakishe kuiachia."

Waliongea robo saa nzima, mambo ya mashine tu. Habari za mama hawakuzigusa siku hiyo.