Alama Iliyovuka Barabara ya Mikaratusi

Jumatatu asubuhi Gaudiosa alikuwa uani anageuza kimea, ulezi uliochipua akiwa ameutandaza juu ya mkeka mbele ya mlango wa jikoni, Tadei alipokuja kuipiga nyumba yake alama ya X. Upepo wa Julai ulikuwa unavuma mkavu na baridi kama kawaida yake hapa Sumbawanga, na Tadei alikuwa amevaa sweta mbili ndani ya ovaroli. Alitua kopo la rangi, akabana brashi kwapani, akachuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyomsalimu mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo rangi?"

"Nimetumwa, mama."

"Basi ipige juu juu, usawa wa dirisha. Huku chini watajipaka kuku."

Nyumba ya Gaudiosa ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Aliyafyatua yeye na marehemu mumewe Sebastiani, kiangazi hiki na kile, enzi ambazo upande ule wa kata ya Mazwi ulikuwa bado mashamba ya maharage na mtaa wa Mikaratusi haujapata hata jina. Sasa ulikuwa unapita mradi wa barabara, na ofisi ya mradi ilikuwa imemwambia kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo atavunjiwa bila fidia. Nyumba ile ikienda hakuwa na mbele wala nyuma. Watoto hakujaliwa, shamba lilishakuwa mji, na kimea, riziki yake, hakikaushwi kwenye chumba cha kupanga.

Tadei alipofika katikati ya mstari wa pili rangi ilimwishia. Vibarua wa barabara wana njia yao ya kuirefusha rangi nyekundu: huichanganya na udongo mwekundu, wowote ule, wa mtaroni au wa kichuguu. Siku hiyo Tadei alikuwa na udongo wa tanuri la zamani la kuyeyushia chuma, yale matanuri marefu ambayo Wafipa huyaita malungu. Katapila la mradi lilikuwa limelisawazisha moja kule juu ya mtaa wiki iliyopita, naye akajichotea kiroba kizima kwa sababu ulikuwa mwekundu wa kupendeza. Wazee wa pale walikuwa wamemwonya kwamba tanuri lile halikuwahi kuyeyusha jiwe mbele ya mtu mwongo. Tadei aliona hilo halihusiani na rangi. Ni kosa ambalo kibarua wa mji mwingine asingelifanya, maana huko hakuna malungu ya kubomoa.

Jumanne ukungu ulipoanza kupanda, alama ilihama.

Aliyeiona wa kwanza ni Lukmani, mwenye duka la saruji na mabati upande wa pili, wakati anafungua kufuli. Alisema ilishuka ukutani kwa Gaudiosa mguu mmoja mmoja, ikajilaza barabarani, ikasubiri bodaboda iliyobeba mkaa ipite, kisha ikavuka na kupanda kwenye ukuta wa Upepo Mwanana Gesti, pembeni ya mlango mkubwa. Lukmani alisema hayo kama anayesema mbuzi wa fulani wamepita, kisha akapanga ndoo zake nje na kuanza kuuza.

Upepo Mwanana Gesti ni ya Mzee Christopha, mwenyekiti wa kamati ya mradi huohuo wa barabara. Wala hapa hakuna cha kufichana, maana Mikaratusi nzima ilijua. Vigingi vya kwanza vya barabara vilichomekwa kwenye baraza la gesti. Jumapili moja watu wakiwa misani vigingi vikatembea, navyo havikutembea vyenyewe, vikaenda kuonekana jikoni kwa Gaudiosa. Watu walitoka kanisani, wakaviona mahali pake papya, wakaenda kunywa supu gestini. Supu ya pale ni nzuri, na mtu mwenye mdomo uliojaa supu hana la kusema.

Evans, ofisa wa mradi, alifika kwa pikipiki kabla ya saa nne. Alikuwa kijana msafi, shati jeupe, kofia ngumu ya pikipiki hakuivua mpaka alipomaliza kuutazama ukuta.

"Shikamoo, mama. Alama umeifuta?"

"Marahaba. Sijaigusa, baba. Imehamia kwa mwenyekiti."

Evans aligeuka akaiona.

"Hata kama," alisema. "Ilikuwa kwako, kwa hiyo ilikuwa chini ya uangalizi wako. Ijumaa katapila linakuja. Likikuta ukuta huu mtupu, mama, wewe unalala polisi kwa kuharibu alama ya mradi, na nyumba itavunjwa vilevile."

Ndivyo Gaudiosa alivyojikuta na kazi ya kuilinda alama ya kumvunjia nyumba. Tadei aliletwa akaipiga upya. Gaudiosa akaifunika kwa mkeka wa kimea na kuupigilia misumari. Alama ikatoka kwa chini ya mkeka. Jumatano Tadei akapiga nyingine, naye Gaudiosa akaketi chini kuegemea ukuta, mgongo wote ukiwa juu ya rangi, akakaa hivyo tangu chai ya asubuhi. Jua lilipofika utosini aliisikia inapata joto. Ikajivuta taratibu nyuma ya mabega yake, ikampitia kwapani kwa adabu kama mtoto anayepita mbele za wakubwa, ikaenda zake. Blauzi yake ilibaki na mstari mwekundu begani. Gaudiosa alilia, na alilia kwa hasira, maana ni jambo moja mtu kukunyang'anya kitu chako na ni jambo lingine kukulazimisha umshikie taa.

Alhamisi Evans alinunua dukani kwa Lukmani kopo jipya, rangi safi isiyo na chembe ya udongo. Tadei akaipiga. Ikakaa mpaka ilipokauka, kisha nayo ikavuka, ikalala juu ya zile za kwanza bila kupishana hata upana wa kidole.

"Hii nayo imeshafundishwa na wenzake," Tadei alisema.

Labda ni dhamiri, labda ni ubishi tu, lakini Evans alitoa futikamba kwenye begi la pikipiki. Akampa Tadei ncha moja, wakapima kuanzia katikati ya barabara ya zamani mpaka kwa Gaudiosa, kisha wakapima mpaka gestini. Baraza lote la Christopha, chumba cha mapokezi na nusu ya jiko la supu vilikuwa ndani ya hifadhi. Nyumba ya Gaudiosa ilikuwa nje, na nafasi ya kupanda mti ilibaki. Evans aliikunja futikamba polepole. Watu waliokuwa dukani kwa Lukmani wakaanza kuulizana bei za misumari.

"Umeona, baba?" Gaudiosa alimuuliza.

"Nimeona, mama. Lakini sikuajiriwa kuona."

Gaudiosa aligeuka kuangalia ndani kwake. Alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye mashuka, tayari kuvitoa nje. "Dereva wa katapila naye ameajiriwa kufanya nini?" aliuliza.

"Kuvunja penye X," Tadei akasema kabla Evans hajafungua mdomo.

"Basi."

Alirudi ndani akafungua mafurushi. Akapanga sufuria mahali pake, akaitundika tena picha ya Sebastiani, akaloweka ulezi mpya kwenye pipa. Alikuwa na matumaini sasa, na matumaini yalimlemea kuliko ile hofu ya mwanzo, kiasi kwamba jioni ile aliuacha ugali sahanini.

Ijumaa katapila lilisikika kabla halijaonekana. Dereva wake, Modesti, alitokea Matai, hakuwa na ndugu wala mdeni Mikaratusi, na watu walilitegemea hilo. Aliteremka na mtaa akitazama huku na huku. Kwa Gaudiosa, ukuta mtupu. Gestini, X nyekundu iliyokolea. Modesti akakata kona, mnyororo ukasaga kokoto, akalielekeza katapila kwenye baraza la Upepo Mwanana na kushusha jembe. Wateja walibeba mabakuli yao ya supu wakatoka nje, wakaendelea kunywa wakiwa wamesimama. Gaudiosa alikuwa mlangoni kwake, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

Mzee Christopha alitoka na taulo shingoni.

"Kijana, nyumba ni ile pale."

"Shikamoo, mzee. Ile haina alama."

"Alama imekosea."

"Mimi navunja penye alama," Modesti alisema. "Nikivunja pasipo na alama nafungwa mimi. Hapa naona moja tu."

Wakati huo Evans alikuwa amefika. Tadei alisukumwa avuke na kopo, akapiga X ya haraka kwenye ukuta wa Gaudiosa. Safari hii haikungoja hata kukauka. Ilivuka ikiwa mbichi, ikidondoka, ikapita chini ya tumbo la katapila na kupanda gestini. Modesti alinyoosha kidole kuionyesha, kama mtu aliyeshinda ubishi, akalitia gia. Jembe lilisogea. Nguzo ya kwanza ya baraza ililia.

"Evans, mwanangu," Christopha alisema, na hakupaza sauti. "Hiyo kazi aliyekuombea nani?"

Evans alisimama pale barabarani. Watu wote walimwangalia, kisha wote wakaangalia pengine. Akavua kofia yake ngumu akampa Tadei. Akavuka barabara mpaka kwenye ukuta wa Gaudiosa, akaupa mgongo, akatanua miguu, akainua mikono miwili na kuitanua juu. Shati lake jeupe lilichomoka kwenye suruali. Pale ukutani, juu ya matofali ya Sebastiani, ikawepo X.

Gaudiosa aliiacha fremu ya mlango akamsogelea.

"Baba, si uliniambia umeona?"

"Nimefumba, mama," Evans alisema, na kweli alikuwa amefumba macho, ameyakaza kama mtoto anayechomwa sindano.

Modesti alizima mashine ili asikike. "Na hiyo nayo si itahama?"

"Haitahama," Christopha alisema. "Hiyo tunaijua."

Modesti alifikiri. Alama ilikuwa ukutani, miguu miwili na mikono miwili, na hakuna aliyewahi kumwambia ni lazima iwe ya rangi. Akawasha, akageuza katapila taratibu mpaka jembe likaelekea upande wa pili. "Alama isogee, nimeshaiona," akapiga kelele. Alama ikasogea. Tadei na wanawake wawili wa jirani walimsaidia Gaudiosa kutoa picha, godoro na mkeka wa kimea. Pipa lilikuwa zito. Ukuta wa jikoni uliangukia juu yake, na ulezi uliolowekwa ukamwagika mpaka barabarani, kuku wakaja. Gaudiosa alikaa juu ya godoro akitazama mpaka tofali la mwisho. Alichoona ni uonevu, mchana kweupe, mbele ya watu wanaomjua kwa jina, na roho yake ilimuuma kuliko siku waliyomzika Sebastiani.

Barabara imekwisha sasa, ya lami, nzuri. Inanyooka kutoka juu mpaka usawa wa gesti, hapo inajikunja kulikwepa baraza, kisha inanyooka tena. Malori ya mahindi hupunguza mwendo penye ile kona, na madereva wageni huuliza kulikuwa na nini. Evans alipandishwa cheo. Hawezi tena kuegemea ukuta, maana akiegemea tu mikono inapanda yenyewe, kwa hiyo kwenye vikao husimama katikati ya chumba, na wenzake wamezoea kumwekea kiti hapo. Tadei bado ni kibarua. Udongo ule aliurudisha kule juu ya mtaa, akaumwaga.

Alama ipo palepale gestini. Christopha aliipaka rangi ya maziwa, ikatokeza. Akaipiga plasta, ikatokeza juu ya plasta. Mwishowe aliiacha, na siku hizi abiria akiteremka stendi husema anakwenda gesti yenye X, bodaboda wanamleta bila kuuliza. Biashara imeongezeka.

Gaudiosa amepanga chumba mtaa wa chini, anauza maharage sokoni, na kila asubuhi hupita pale na beseni kichwani. Akifika usawa wa ule ukuta hulitua, akakunja kanga katikati ya magoti, akachuchumaa na kuipigia alama makofi, taratibu, kama anavyosalimiwa mtu mzima. Amekuwa akifanya hivyo tangu wiki ile ya kwanza. Kati ya wote waliokuwepo siku ile, ni hiyo pekee iliyosema kweli, na yeye hajafundishwa kumpita mkubwa bila salamu.

Alama haimwitikii. Anayeitikia ni Mzee Christopha, kwenye kiti chake barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Marahaba, mama, marahaba," husema, kisha huwageukia wageni wake. "Mnamwona huyu mama? Hana kinyongo kabisa."