Samaki Alipotolewa

Kamba wadogo, wafupi kuliko kucha na wangavu hata matumbo yao yanaonekana, walikuwa wamebanana kwenye ncha moja ya hodhi kama watu waliokimbilia kibaraza mvua iliponyesha. Ncha hiyo ilidondoshewa maji matamu. Nyingine tuliitilia maji ya chumvi kutoka mlango wa mto, na huko alizunguka samaki mmoja, mdomo mpana, peke yake kama mwenye nyumba.

Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. "Wanapenda maji matamu hawa," nikamwambia mtafiti, binti aliyeniajiri.

"Labda, mzee. Tuwaulize." Akatia wavu, akamtoa samaki.

Nikageuza ndoo, nikaikalia. Kwa kitambo hapakutokea kitu. Kisha kamba mmoja akasogea, akasita, akaendelea. Wenzake wakamwandama. Wakati wa chai, kwenye maji matamu walibaki wawili watatu, nadhani habari haikuwafikia.

"Kwao ni kwenye chumvi," akasema mtafiti. "Kule kwenye maji matamu walivumilia tu. Hawanenepi, hawazai vizuri, ila samaki huyu hayawezi maji matamu."

"Kwa hiyo hawaliwi."

"Hawaliwi."

Chai yangu ikapoa mkononi. Dada yangu mkubwa anaishi chumba cha nyuma kwa dobi, anakopigia pasi, mvuke umemwingia kifuani. Daktari amemwambia ahame. Nami kila nikitoka safarini humsihi arudi nyumba ya wazazi wetu. Humsifia upepo wake, ua wake, dirisha la chumba chake cha zamani. Hunijibu neno moja tu: amepazoea alipo. Nikamwita mkaidi. Katika sifa zangu zote sikuwahi kumtaja kaka yetu, anayekaa humo na kuamka na matusi.

Jioni nikaenda. Begi langu la safari nikaliacha nje mlangoni, kama kawaida yangu, nisichelewe kuondoka.

"Unanuka samaki," dada akasema, pasi mkononi. "Hii kazi nayo utaikimbia lini? Na usinianzie habari za chumba."

"Sianzi." Nikangoja amalize kukohoa. "Dada, kaka akihama pale, utarudi?"

Pasi ikasimama juu ya shati. Akaiinua kabla haijaunguza.

"Nani atamhamisha?" akauliza, akilitazama begi langu pale nje.

Nikainuka, nikaliingiza ndani.