Barua ya Ajira ya Mzee Ndayikeza

Shule Kuu ya Utawala wa Umma ilipotimiza miaka thelathini, ilikumbuka kwamba haina historia. Wataalamu wa utawala wakafanya wanachokijua: wakaunda kamati. Kamati ikakaa vikao tisa pale Kasulu, ikanywa chai kwa maandazi, ikaafikiana kuhusu rangi ya jalada la kitabu.

Kazi yenyewe ya kuandika aliachiwa Winifrida wa masjala, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua faili zilipo. Winifrida hakutaka sifa. Alitaka jina moja tu liingie: la baba yake, Mzee Ndayikeza, aliyekuja mkimbizi kutoka Burundi na siku hizi ni raia, analima maharage Kumsenga. Ndiye aliyeanzisha darasa la kwanza huko Kibondo, ndani ya ghala la mahindi, akiwafundisha watendaji wa vijiji kuandika barua ya serikali ikaeleweka. Shule Kuu ilikuja baadaye, ikalikuta darasa, ikalihamishia Kasulu, ikaweka kibao.

Mkuu wa Shule, Dokta Marselino, alilikata jina hilo kwa kalamu nyekundu. Alieleza kwa upole, ule upole wa mtu asiyepoteza chochote, kwamba mzee hana barua ya ajira kwenye faili, na kiutawala mtu asiye na barua hakufundisha. Kamati ikaitikia kwa vichwa. Sheria ni msumeno, hasa kwa asiyeshika mpini.

Winifrida akapiga hesabu. Baba ana miaka themanini na mbili. Toleo la pili asingelisubiri. Akainuka, akanyoosha mkono ukutani nyuma ya kiti cha Mkuu, akakitungua cheti chenye fremu ya dhahabu, cha kwanza kabisa cha Dokta, enzi zile akiwa mtendaji wa kijiji. Akakiweka mezani. Chini palikuwa na saini moja tu: Ndayikeza, Mwalimu.

"Dokta, kama mzee hakufundisha," alisema taratibu, "basi nisaidie niandike wewe ulisoma kwa nani."

Kamati iliyaangalia maandazi. Dokta alikisoma cheti chake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kisha akaliandika jina upya kwa mkono wake.

Kitabu kilipofika Kumsenga, Mzee Ndayikeza alivaa miwani, akalisoma jina lake ukurasa wa kwanza. Halafu akamwomba binti yake kalamu. Aliisahihisha dibaji ya Mkuu mstari kwa mstari, akampa alama arobaini, na chini akaandika: Arudie.