Ng'ombe Aliyepewa Ratemo

Mwezi wa nne, Ratemo alipokuwa nyumbani Sironga kwa likizo, mama yake Tryphosa alimkuta juu ya mnara wa tangi la maji, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeinua simu akitafuta mtandao. Akadhani anambembeleza mke aliyemwacha. Kumbe alikuwa anaomba kibali cha kuwinda.

"Kuwinda nini?"

"Elki, mama. Ni kama swara, ila ukubwa wake ni wa ng'ombe. Naomba jike."

"Dume ana nini?"

"Dume anaombwa na kila mtu. Unaweza kuzeeka ukiomba. Jike angalau kuna nafasi."

Tryphosa alijua kwamba huko Colorado, ambako mwanawe aliuguza wazee, nyama iliuzwa dukani kama kwingineko. Lakini swali lililomtoka lilikuwa jingine.

"Na anakaa shamba la nani huyo mnyama?"

"Ardhi ya umma. Milima mizima. Mtu yeyote anaingia."

"Ya umma."

"Eeh."

"Na hakuna aliyeinyakua?"

"Hakuna, mama."

Uwanja wa umma aliochezea Tryphosa akiwa msichana sasa ulikuwa na ukuta, geti na mbwa wawili.

"Huku ukiwinda hata swara mdogo, unafungwa," akasema.

"Ndiyo maana naomba kibali cha kule," Ratemo akajibu, akashuka.

Majibu yalitoka baada ya yeye kurudi Marekani. Tryphosa alikuwa kwenye duka lake la vitambaa na ushonaji Kisii mjini, akimpimia mteja kitambaa cha sare, simu ilipolia. Ratemo alipiga kelele hadi mteja akasikia: "Mama, nimepata! Nimepata jike!"

Ruqiya, aliyeuza mashuka duka la pili, akachungulia mlangoni. "Mama Ratemo, kuna nini?"

"Ratemo amepewa ng'ombe," Tryphosa akasema, kwa sababu mteja alikuwa anangoja na maelezo kamili yalikuwa marefu. Hapo ndipo alipokosea.

Jumapili, mchungaji alimshukuru Mungu kwa serikali ya Marekani ambayo haiwasahau wajane. Baada ya ibada, mama mmoja aliuliza kama ng'ombe ni wa gredi, wa maziwa mengi. Mwingine akataka awekewe ndama wa kwanza, akiwa jike.

Kisha akaja Onyiego. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Makori, mumewe Tryphosa, na tangu astaafu kazi ya ukarani katika kiwanda cha majani chai, hakuna jambo la ukoo lililompita. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Ng'ombe anafika lini?"

"Hafiki, shemeji. Yuko mlimani."

"Anachungwa na nani?"

"Hachungwi. Ratemo atamtafuta, na akimpata atampiga risasi."

"Ng'ombe wake mwenyewe?"

"Bado si wake. Amepewa ruhusa ya kumtafuta."

"Na asipompata?"

"Atarudi nyumbani kwake."

Onyiego aliipima habari hiyo. "Kwa hiyo amepewa matembezi."

"Amepewa matembezi, shemeji. Na ameyalipia."

"Sawa. Akimpata, mguu mmoja wa mbele ni wangu. Makori angekwambia hivyo hivyo."

Tryphosa akakubali. Hakuona ugumu wa kuahidi mguu wa mnyama ambaye hajaonekana.

Mwezi wa kumi, Ratemo alipanda mlimani na mwenzake wa kazini. Alikuwa amesema huko hakuna mtandao, na Tryphosa alikuwa amemwambia hana wasiwasi. Siku zilivyopita bila simu, akaanza kukosea kazi: bitana akaiuza kwa bei ya suti, na suti kwa bei ya bitana. Ruqiya alifunga duka lake, akaja kukaa naye.

"Huko kuna simba?"

"Hapana. Amesema kuna dubu."

"Dubu yukoje hasa?"

Wakamtafuta kwenye simu ya Ruqiya. Heri wasingemtafuta.

Alasiri moja simu ikaita. Sauti ya Ratemo ilikuwa imekwaruzwa na baridi.

"Nimempata, mama."

Akasimulia bila kupumzika. Mwenzake aliteguka kifundo cha mguu mapema, akarudi mjini. Yeye akabaki, akitembea tangu alfajiri hadi jioni bila kuona chochote ila kinyesi. Siku ya mwisho ya kibali chake, kundi likatokeza kwenye uwazi wenye theluji. Elki wa mbele alikuwa na ndama, Ratemo akamwacha apite. Akalala kifudifudi, upepo unampiga usoni, hadi jike mwingine aliposimama peke yake, ubavu ukimwelekea. Akapiga risasi moja. Halafu akamkatakata na kumbeba mgongoni kwa mafungu, akishuka na kupanda, mpaka gari likajaa. Njiani askari wa wanyamapori walimsimamisha, wakakagua kibali, wakampongeza.

"Ngoja," Tryphosa akasema. "Mwenzako alirudi mapema?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa peke yako na hao dubu?"

"Sikuwaona dubu, mama."

"Ungekufa huko nani angenipigia simu? Hiyo serikali iliyokupa ng'ombe?"

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Mjinga wewe!" Alikuwa analia, na Ruqiya alikuwa ameshika kitambaa kilichomponyoka mwenzake ili kisianguke.

"Mama," Ratemo akasema baadaye, "nimechoka. Lakini ni kuchoka kuzuri."

Tryphosa aliijua sauti hiyo. Ndivyo mwanawe alivyozungumza akiwa kijana, akirudi kutoka kituo cha majani chai, kikapu kitupu mgongoni. Tangu mke aondoke, mazungumzo yao yalikuwa ya salamu na hali ya hewa. Siku hiyo walizungumza hadi chaji ikaisha.

Jumapili iliyofuata, Ratemo aliwaita Wagusii wenzake wa huko. Walifika asubuhi, wengi wametoka zamu ya usiku hospitalini, wakala elki wakiwa bado na sare. Sironga ilikuwa jioni, na simu ya video iliunganisha pande zote mbili. Tryphosa alikuwa amenunua nyama ya ng'ombe kwa sababu ukoo ulikuwa umekuja kula, na haukuwa umekuja kula maelezo. Onyiego alipewa mguu wa mbele. Akautazama.

"Huu si wenyewe."

"Si wenyewe, shemeji. Wenyewe uko kwa Ratemo."

"Nipe simu."

Ratemo akafungua friza, akauinua mguu uliogandishwa kwa mikono miwili, karibu na kamera. "Huu hapa, baba mkubwa."

Onyiego alivaa miwani. Akataka ugeuzwe upande wa pili. Ukageuzwa.

"Ni mzuri," akasema. "Usiuguse mpaka nije."

Watu wakacheka pande zote mbili za simu. Onyiego hakucheka. Aliketi, akala ule wa ng'ombe.

Jumatatu asubuhi aliingia dukani kwa Tryphosa akiwa amenyoa ndevu, bahasha ya picha za pasipoti mkononi.

"Huko Colorado," akauliza, "baridi yake ni kama ya wapi?"

"Hakuna ya kuifananisha nayo, shemeji."

Tryphosa alimtazama aone kama anatania. Akachukua futi kamba, akamwambia ainue mikono, akaanza kumpimia koti la sufu.