Bobari Nene

Bakuli la pili lilipopasuka mashineni, mkerezaji alizima mota, akaketi kwenye rundo la maranda na kushika tama. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekereza vibakuli vya chumvi, vya njugu, vya kutilia funguo, na hakuna aliyewahi kumtia dosari. Sasa dada yake mkubwa, mwenye bucha mlango wa tatu, alitaka bakuli moja la kutosha meza nzima, litokane na mti ulioanguka uani kwa wazazi wao. Shina lilitoa magogo matatu tu. Mawili yalishakuwa kuni.

Dada aliingia na aproni yake ya kazi, akatazama vipande. "Mti wa mama umeuua mara mbili."

"Si mimi, dada. Nikifika ndani kabisa, chuma kinatetemeka, kinang'ata mti, basi tena."

Akamwonyesha bobari yake, ile patasi yenye mdomo uliopinda kama mfereji, nyembamba kama kidole cha mwisho. Dada aliipima mkononi, akaangua kicheko.

"Hii ndiyo ya kuchimbia gogo? Mimi nisingeikatia hata utumbo. Kisu chepesi, mdogo wangu, humchosha mwenyewe."

"Bobari kubwa ni za wasiojua kazi," alijibu, kama alivyozoea kuwatambia mafundi wenzake. Ila safari hii hata yeye hakujiamini.

Kesho yake muuza vifaa alimpangia bobari tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa pacha wa ile yake. Ya pili, nene kama kidole gumba. Ya tatu ilikuwa nondo hasa, mpini wake mrefu kama wa jembe.

"Hiyo ina mwaka hapa," alisema muuzaji. "Kila mtu anaishika, anairudisha. Chukua ya katikati, fundi, usijitafutie balaa."

Mkono ulishaifikia ya katikati. Kisha akakumbuka mti ulipong'atwa: ndani kule, shubiri nzima kupita kiegemeo, pale mashineni anapolaza chuma. Akailaza ile ya katikati ukingoni mwa kaunta, shubiri moja ikining'inia hewani, akaibonyeza. Ikanesa. Akailaza ile nondo, akaibonyeza kwa nguvu zake zote. Wapi! Ni kama alibonyeza ukuta.

"Nifungie hii."

Mchana gogo la mwisho likazunguka. Alitanua miguu, mpini akaubana nyongani, akasogeza mdomo wa chuma taratibu. Mti haukupiga kelele. Maranda yalichomoka marefu kama utepe, yakamjaa mabegani. Alifika pale mawili ya kwanza yalipofia. Akapapita. Akashuka zaidi, akapunguza ukuta hadi ukawa mwembamba, sawasawa pande zote, na chuma kimetulia tuli.

"Dada! Dada wee!"

Dada aliwaacha wateja, akaja mbio na kisu mkononi. "Limepasuka?"

"Tia mkono!"

Akautia hadi kwenye kiwiko, akapapasa chini, akapapasa kando. Hakuna kovu. Kigelegele alichopiga kiliwatoa nje wateja wote wa bucha. Hakungoja hata lipakwe mafuta. Alilibeba kichwani, akashika barabara kwa madaha.

Mkerezaji akamfuata, maranda yamemjaa nyweleni, akimwambia kila aliyeuliza na hata asiyeuliza:

"Nimelikereza mimi!"