Ejo ya Anisia

Kitabu kilikuwa cha kuku aliyebeba nyumba mgongoni. Nyumba nzima, na paa lake, na moshi ukitoka. Kuku anatafuta mahali pa kuitua. Akifika mtoni, mto unamwambia hapa pangu. Akifika sokoni, wauza maharagwe wanamfukuza kwa kanga. Akifika kanisani, anaambiwa asubiri misa iishe, na misa haiishi. Maneno yalikuwa machache, picha kubwa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe, mtoto aumalizie mwenyewe. Juu yake neno moja tu: Kesho.

Aliyekichora ni Jeska, mdogo wangu, mwalimu wa darasa la pili huko Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, Burundi. Tumekulia Tanzania, yeye na mimi, katika kambi zile zile, na tulirudi pamoja. Yeye akaenda kufundisha karibu na mpaka, mimi nikapanga chumba Musinzira, mjini Gitega, nikawa natafuta njia ya kuvichapa vitabu vyake.

"Kaka Kastori," aliniambia, "watoto wangu wana kitabu cha hesabu tu, na picha zake ni mawe. Jiwe moja, mawe mawili. Mtoto atawaza nini juu ya jiwe?"

Nikakipeleka ofisini kupata kibali. Ofisi gani sitasema, maana zote zina kiti kile kile, na anayekikalia anakutazama kama umemletea kuku mwenyewe. Bwana yule alifungua ukurasa wa kwanza akatikisa kichwa.

"Kiswahili hapana. Mtoto wa Burundi anasoma Kirundi. Kiswahili iko ya sokoni, na ya nyie wa Tanzania."

"Watoto wenyewe ndio hao wa Tanzania," nikasema.

"Bon. Basi wajifunze kurudi."

Wajifunze kurudi! Watu waliopandishwa malori kambini na vyungu vyao vikiwa bado jikoni, na nyumba zao za udongo zikibomolewa nyuma yao ili wasigeuze shingo. Nikamwachia kitabu. Nilitaka kibali. Akachukua kalamu nyekundu, akakata sentensi moja moja, juu yake akaandika Kirundi. Alipofika mwisho akakata Kesho akaandika Ejo.

Sasa, kwa asiyejua, Kirundi kina neno moja tu kwa siku iliyopita na siku ijayo. Jana ni ejo. Kesho ni ejo. Anayesikiliza ndiye anayetazama uso wa msemaji ajue ameelekea wapi. Watu wazima hawakosei. Lakini neno likiwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, halina uso.

Aliyeliona ni Murad peke yake. Huyu ana duka la fotokopi na madaftari pale Magarama. Babu yake alitoka Bara Hindi na marobota ya vitambaa, na yeye kazaliwa Gitega na hajawahi kulala kwingine. Alikuwa anapanga kurasa mashinani akasita.

"Ejo gani hii, Kastori? Ile ya nyuma ama ile haifikake?"

"Washa mashine, bwana."

"Mi nauliza tu. Mke wangu, Mama Nazreen, akiniambia nitapata chai ejo, mi najua nishaikosa."

Tulicheka mpaka fundi wa baiskeli wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Vitabu vikachapwa, Murad akaongeza makopo ya kalamu za rangi bila kuambiwa, na mzigo ukaenda Muyinga.

Darasani kwa Jeska kulikuwa na mtoto anaitwa Anisia. Kazaliwa kambini, akarudi nchini asiyoijua akiwa ameshikwa mkono na bibi yake, Emiliana. Wazazi wake walibaki Kasulu kaburini. Huyo bibi alikimbia mwaka wa tisini na tatu, usiku mmoja, na mumewe Simoni, fundi seremala. Waliacha nyumba yenye mlango ambao Buhinyuza nzima waliujua. Simoni aliuchonga mwenyewe, akautoboa matundu matatu ya kuchungulia mgeni: la juu lake yeye, la kati la mkewe, la chini la watoto.

Emiliana aliporudi baada ya miaka karibu ishirini, Simoni hayupo tena duniani, nyumba ile hakuna hata tofali. Shambani pake alikuwa anaishi jirani yao wa zamani, Longino. Na nyumba ya Longino ilikuwa na mlango wa matundu matatu.

Sisemi Longino alikuwa mnyama. Alibaki hapa wakati sisi tumeondoka, akazika watu wake, akalima ardhi iliyokuwa imeota magugu. Lakini mlango ni mlango. Kamati ya ardhi ilikuja, ikapitisha kamba katikati ya shamba: juu kwa Longino, chini kwa Emiliana, kwa sharti kwamba wakae kwa amani. Ugomvi wowote ukitokea, kamba inapimwa upya. Na kila mtu alijua ikipimwa upya itasogea upande gani, kwa sababu mshika kamba alikuwa mtoto wa dada yake Longino. Kwa hiyo Emiliana aliishi kwa amani. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa mumewe akienda kuchota maji, akamwamkia Longino, akaenda zake. Hakuutaja hata mara moja. Aliutaja usiku tu, kwa mjukuu wake, kitandani, kama hadithi. Na hadithi ya bibi huanza na ejo.

Jeska aliwaambia watoto: mchore kuku alipofikia. Wakauliza wapi? Akawaonyesha neno: someni, imeandikwa. Wakasoma.

Siku ya wazazi nilifunga safari kutoka Gitega. Jeska alikuwa ametandaza kamba ya katani darasani ukuta hadi ukuta, vitabu vikaning'inia vikiwa wazi kwenye ule ukurasa wa mwisho. Sijawahi kuona ukuta wenye kelele namna ile! Kuku alikuwa juu ya lori. Kuku alikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo mdomoni. Kuku mmoja alikuwa anazikwa, na vifaranga wamesimama wamefunga mikono. Nilichelewa kuelewa. Nilifika kitabu cha tano au cha sita ndipo nikaona kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyechora kesho.

Nikamtazama Jeska. Alikuwa ameshaelewa zamani, na alikuwa anafurahi.

"Waache, kaka," akaninong'oneza. "Angalia wanavyowaza. Hata kwa makosa wanawaza."

Wazazi walikuwa wanapita na vicheko. "Huyu kuku wa nani kavaa koti?" "Wa kwangu! Kaoa huyo!" Longino naye alikuja, kavaa vizuri, anasalimia kila mtu, maana alikuwa katika kamati ya wazazi. Aliwasifu watoto. Akafika kitabu cha Anisia, akasimama.

Katika ukurasa ule mtu mrefu alikuwa amebeba mlango kichwani, anatembea. Nyuma yake kuku na nyumba yake mgongoni, nyumba haina mlango, kuku amenyoosha shingo anamwita. Mlango ulikuwa na matundu matatu. Katika tundu la chini Anisia alikuwa ameweka jicho.

Shefu wa kilima, yaani mkuu wa kijiji, Dominiko, mtu wa tumbo na wa utani, alisogea akitaka kuchekesha.

"Enhe, tuone! Hapa iko neno: Ejo. Donc, basi ni kesho. Kesho huyu anabeba mlango ya watu, eh?"

Hakuna aliyecheka. Dominiko mwenyewe akauona mlango, utani ukamkaukia.

"Mi najua hiyo mlango," akasema Longino polepole. "Kila mtu hapa anaijua. Mi nalala nyuma yake. Sasa watoto wanafundishwa hivi? Kesho mutakuja kunibomolea? Ndiyo munachora kwa shule?"

"Hapana, mzee," Jeska akadakia, na mimi nilikuwa mbali mno kumziba mdomo, "hapana, mtoto hakumaanisha kesho. Kwao ejo ni jana, wamechora ya ja—"

Akakatiza hapo. Kila mtu alisikia sehemu iliyobaki.

"Jana?" akasema Longino. "Jana nani alibeba?"

Hapo ndipo nilipoona mtego, na hauna mlango wa kutokea. Ikiwa ni kesho, bibi anamtishia jirani yake. Ikiwa ni jana, anamwita mwizi mbele ya kilima kizima. Vyovyote vile ni ugomvi, na ugomvi ni kamba.

Dominiko akageuka. "Mama Emiliana, tuambie. Hii picha ni ya lini?"

Emiliana alikuwa amekaa nami benchi la nyuma, dogo la watoto, magoti yakimfika kidevuni, Anisia kando yake.

"Mimi sijui kusoma, baba," akasema.

"Picha haisomwi, mama. Inaangaliwa."

"Macho yangu nayo ni mabovu."

Mtu akacheka kidogo, kwa woga. Dominiko akamwinamia mtoto. "We Anisia. Ni jana ama ni kesho? Sema, usiogope."

Anisia aliangalia kuku wake. Bibi alikuwa ameshaweka kiganja shingoni mwake, hakubonyeza, aliweka tu.

"Ni kuku," akasema Anisia. "Anataka mlango wake."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno, ndugu zangu, nilikuwa nayo tangu siku ya malori. Nilitaka kuuliza tangu lini mwenye kuibiwa ndiye anayehojiwa. Nilitaka kumuuliza Longino swali moja tu, la seremala: huo mlango ulikutosha, au ulilazimika kuuranda? Nikasema, "Wazee, mtoto hana kosa, mwenye kosa ni—" na Emiliana akanivuta shati. Hakuinua sauti.

"Kastori, mwanangu. Wewe jioni unarudi Gitega. Sisi tunalala hapa."

Nikakaa.

Aliyeokoa siku, kama wanavyosema wenyewe, ni Dominiko. Aliutazama ukurasa kichwa upande, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyepata.

"Mbona mwalimu amesema hiki kitabu ni ya kuwaza? Si mtoto anaweza kuwaza kitu chochote? Bon! Huyu mtu hakubeba mlango. Anabeba mkungu ya ndizi! Kuku anataka ndizi. Eh? Nani hapa hajaona kuku anafuata ndizi?"

Watu wakapumua. "Kweli kabisa!" "Ni mkungu, mi niliona tangu mwanzo." "Kuku wa kwangu hula hata maganda." Longino alisubiri.

Kitabu kikashushwa kambani. Jeska hakutaka kukishika, kikashikwa na Dominiko mwenyewe, akachagua kalamu ya kijani koponi, akamwekea mtoto mkononi. "Waza, binti. Waza vizuri."

Anisia akamwangalia mwalimu wake. Jeska alikuwa anatazama dirisha. Akamwangalia bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Akachora. Alianza pembeni mwa mlango, ndizi moja moja, zimejikunja juu kama zinavyokaa mgombani, kila moja na ncha yake nyeusi. Hakuharakisha. Alijua kuchora, mtoto yule. Mlango ulikuwa unayeyuka chini ya mkono wake huku tunaona. Tundu la juu likafunikwa, kisha la kati. Kwenye tundu la chini, lenye jicho, kalamu ikasimama. Halafu akalifunika nalo, kwa ndizi mbili, ili jicho lisionekane hata kwa chini.

Wakampigia makofi. Longino akampapasa kichwa. "Mtoto iko na akili huyu," akasema, na nadhani alimaanisha kweli. Akamgeukia Emiliana: "Jirani, tupite wote njiani, giza inaingia." Wakaondoka pamoja, bibi, mjukuu na Longino. Kamba haikupimwa. Emiliana analima upande wake wa chini mpaka sasa, na wapo wanaoniambia kwamba huo ndio ushindi.

Muhula uliofuata nilipeleka vitabu vingine. Hadithi nyingine, mbuzi safari hii, na ukurasa wa mwisho hauna neno lolote juu yake. Nilihakikisha mwenyewe. Mweupe. Baada ya miezi Jeska akanitumia kifurushi cha vitabu hivyo kwa mtu wa pikipiki, bila barua. Nikakifungulia juu ya meza ya Murad, naye akazima mashine aje aone.

Cha kwanza: mkungu wa ndizi. Cha pili: mkungu wa ndizi. Nikafunua haraka haraka. Mikungu mirefu, mikungu mifupi, mingine imechorwa na kukolezwa mpaka karatasi imetoboka. Mbuzi hayumo.

"Mwalimu amewapa mfano ubaoni?" Murad akauliza.

"Hapana."

"Basi ni nani aliwaambia?"

Yeye akaenda nyuma ya duka, akarudi na boksi la kalamu za rangi ambalo halijafunguliwa, kubwa, zile za kutoka nje anazoziweka juu kabisa watoto wasizifikie.

"Hii umpelekee yule Anisia. Zawadi. Nionyeshe cha kwake, nione anachora namna gani sasa."

Nikavirudia tena vyote, polepole, kimoja kimoja. Safari hii Jeska hakuwaandikisha watoto majina. Nilitafuta mkono wake, ule usioharakisha. Nilitafuta ncha nyeusi za ndizi. Zilikuwa kwenye kila kitabu.

"Kipi?" akasema Murad, boksi mkononi.

"Sijui," nikamwambia. "Sikioni."